Mlio Upande wa Pili wa Ukuta

Kompyuta ya Kitinda ilikuwa na feni sita, na kila moja ilikuwa na ugomvi wake. Ya mbele ilivuma, ya nyuma ilikwaruza, zile tatu za juu zilipiga mluzi kwa zamu, na ile iliyokaa juu ya prosesa, yaani ubongo wenyewe wa mashine, ikifika saa tano, bati la nyumba likishaanza kuchemka, ilinguruma mpaka kikombe cha chai kikatetemeka mezani. Debe tupu haliachi kuvuma, wanasema wahenga, lakini hili halikuwa tupu hata kidogo. Lilikuwa mashine ya michezo, yenye nguvu kupita kazi iliyopewa. Mpwa wake ndiye aliyeiacha alipokwenda masomoni. Mwanamke wa miaka arobaini na saba akiambiwa alete kompyuta yake mwenyewe kazini, anachukua iliyopo. Mchagua jembe si mkulima.

Kazi ilikuwa ya kupokea simu. Kampuni ya bima ya matibabu ilikuwa imefunga ukumbi wake na kuwatawanya wapokeaji, kila mtu apokee akiwa nyumbani kwake. Kwa Kitinda hiyo ilikuwa bahati, maana mwaka huohuo mama yake alipigwa na kiharusi. Upande wote wa kushoto ulilala, na macho, ambayo hata kabla yalikuwa na ukungu, yakabaki kuona mwanga wa dirisha tu. Kitinda alirudi katika nyumba aliyozaliwa, akaweka meza katika kile chumba kidogo kinachopakana na cha mama, na kati yao ukuta wa mbao. Mkono mmoja akauguza, mkono wa pili akafanya kazi, wa kujikunia haukubaki. Kaka zake watatu nao hawakuwa nyuma, walituma ushauri kila Jumapili.

Jina lenyewe alipewa na mama, kwa sababu yeye ndiye kitinda mimba, na mtaa mzima ukalishika. Hata msimamizi wake kazini, kijana mpole aliyeongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, wakati mwingine lilimponyoka. Lakini upole wake haukuzuia barua. Kila simu aliyopokea Kitinda ilipewa alama na mtambo wa kampuni: alama ya lugha, alama ya subira, alama ya utulivu wa laini. Lugha alikuwa nayo. Subira alikuwa nayo ya kugawia majirani. Utulivu wa laini ndio uliomletea barua mbili za onyo, na kila mtu alijua kwamba ya tatu huwa ni ya kwaheri.

Alijaribu yote. Alinunua hedifoni yenye sponji nene. Alisimamisha godoro kuukuu nyuma ya kiti. Mwishowe aliisukuma mashine chini ya meza na kuifunika blanketi, ikapata joto zaidi, ikapiga kelele zaidi, kisha ikajizima yenyewe katikati ya simu ya mzee mmoja aliyekuwa akieleza kwa kirefu habari za jiwe lililo kwenye figo yake. Mzee alipopiga tena alianza upya, tangu lilipoingia.

Ndipo akaitwa Fundi Bomba.

Fundi Bomba aliitwa hivyo kwa sababu kwa miaka ishirini alikuwa fundi wa mabomba na visima, mpaka magoti yakamgomea, akahamia kwenye kompyuta. Watu walimshangaa. Yeye alisema hakuna tofauti, kila kitu duniani ni njia ya kupitisha kitu, ikiziba ndiyo imeharibika. Katika boksi la vifaa aliloacha mpwa alikuta pampu ya ukubwa wa ngumi, tangi dogo la plastiki linaloonyesha ndani, mipira laini, na rejeta nyembamba kama ya pikipiki, yenye feni mbili pana. Alivitoa kimoja kimoja, akavipanga sakafuni na kuvitazama kwa muda mrefu.

"Dada, wewe ulikuwa unateseka bure," alisema. "Huyu kijana alikuachia dawa ndani ya boksi. Hapa tunaondoa feni zote hizi wahuni. Maji yanapita juu ya prosesa, yanabeba joto, yanakwenda kwenye rejeta, yanapoa, yanarudi. Utabaki na feni mbili kubwa, za polepole. Hutazisikia."

"Maji ndani ya umeme?" sauti ya mama ilitoka upande wa pili wa ukuta. Macho yalikuwa yamekufa, masikio yalikuwa yameongezewa zamu.

"Ni maji ya betri, mama. Safi kabisa. Na hayavuji."

"Bomba ulilonifungia jikoni nalo ulisema halivuji. Nimeweka ndoo chini yake miaka minane."

Fundi Bomba alikohoa na kuanza kazi. Alifunga kwa ustadi, mipira ikakaa vizuri na vibano vikakazwa, ila alifunga kama alivyofunga kila kisima cha mtaa ule: tangi chini, pampu juu ikivuta. Alipoiwasha, feni kweli hazikusikika. Kilichosikika ni maji, yakibubujika na kukoroma, yakinyamaza kidogo kisha kuanza tena kama mtu anayesukutua.

"Yatatulia," alisema fundi, akaondoka haraka kuliko magoti yalivyomruhusu.

Hayakutulia. Siku mbili nzima mama aliita kutoka kitandani, "Kitinda, funga bomba," na kila mara Kitinda alijibu kwamba bomba limefungwa, na kila mara mama alisema basi kafunge tena. Mteja mmoja alimwuliza kwa adabu kama anaosha vyombo. Mwingine, asiye na adabu, alimwuliza kama yuko bafuni, na kama ndivyo, atapiga baadaye. Alama ya utulivu ilishuka mpaka pale ambapo msimamizi hakuandika chochote, alituma alama ya kuuliza peke yake.

Jumamosi fundi alirudi. Alifungua ubavu wa mashine, akakaa chini na kusikiliza, kisha akajipiga kofi la paji la uso.

"Nimekosea kosa la mtu wa visima," alisema. "Hii pampu haijui kuvuta, dada. Inajua kusukuma tu. Inataka maji yaiangukie kichwani. Mimi nimeiweka juu, inakunywa hewa."

Basi akabomoa yote. Safari hii tangi likakaa juu, pampu chini, juu ya kipande cha sponji alichokata kwenye lile godoro kuukuu. Akajaza maji ya betri taratibu. Halafu wakaishika mashine wote wawili, huku na huku, wakiwa wameiwasha, wakaiinamisha kushoto, wakaiinamisha kulia, viputo vikipanda ndani ya mipira kimoja kimoja na kupasukia kwenye tangi. Ilikuwa kazi ya kumcheulisha mtoto mchanga, na mtoto mwenyewe alikuwa na uzito wa gunia. Mikono ya Kitinda, iliyokwisha kumgeuza mama mara nne tangu alfajiri, haikuwa na nguvu tena. Kila akidhani vimekwisha, kingine kilipanda.

Kitu kama saa nane mchana mashine ikanyamaza.

Fundi alitoa simu yake yenye programu ya kupimia kelele. Mara ya kwanza ilikuwa imesoma desibeli hamsini na nne. Sasa ilisoma ishirini na saba. Hakuamini, akasafisha koo, namba ikaruka juu, akabana pumzi, ikashuka palepale. Akageuka kumwonyesha Kitinda, akamkuta ameweka shavu juu ya meza, amelala fofofo, mdomo wazi. Fundi Bomba alikusanya bisibisi zake moja moja, akatoka kwa kunyata.

Jumatatu saa mbili asubuhi Kitinda alivaa hedifoni, akajisikia kama mtu aliyehamia nyumba nyingine. Aligundua kwamba kwa miezi yote ile alikuwa akipiga kelele. Sasa aliweza kuongea chini chini, na mteja akamsikia mpaka anavyomeza mate. Simu ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili ikiwa katikati, ukuta ukasema:

"Kitinda?"

Akaziba maiki kwa kiganja. "Naam, mama."

"Upo?"

"Nipo."

Baada ya robo saa, tena. "Kitinda? Upo?" Na baada ya dakika kumi, tena. Hakutaka maji, hakutaka kugeuzwa, hakuumwa popote. Alitaka kujua kama yupo tu. Mpaka saa sita alikuwa ameita mara kumi na moja. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri kwenye laini ajibiwe habari za upasuaji wa mume wake alisikia "Upo?" akaitika, "Nipo, dada, nasubiri."

Jioni msimamizi alipiga.

"Dada Kitinda, feni zimekwisha, hongera sana," alisema kwa ile sauti yake ya kunong'ona. "Ila sasa laini imekuwa safi mno. Huyo anayekuita anasikika kama amekaa mapajani kwako. Alhamisi kuna ukaguzi, na si mimi nitakayesikiliza. Ni wakubwa. Nakuomba sana."

Kijana hakuwa mbaya. Alikuwa na watu juu yake kama yeye alivyokuwa juu ya Kitinda, na barua hakuzipenda, alizituma tu.

Siku iliyofuata, kabla ya kazi, Kitinda alimpigia Fundi Bomba, wakaelewana. Fundi akazichukua zile feni sita wahuni, akazifunga ndani ya boksi na kuziunganisha na kigeuza umeme kidogo. Mchana, wakati wa mapumziko, Kitinda aliliweka boksi juu ya kiti karibu na kitanda cha mama, akawasha. Chumba kikajaa ule mngurumo wa zamani. Mama aligeuza uso kuelekea pale.

"Hiki nini?"

"Ule mlio, mama. Nimeona umeuzoea. Nimekurudishia."

Mama alisikiliza kwa makini. Alikuwa mshona sare za shule kwa miaka thelathini na tano, na cherehani yake ikibadilisha sauti alijua sindano imepinda kabla hajaitazama.

"Hizi ni feni," alisema.

"Ndizo zilezile, mama. Hakuna iliyobadilika."

"Si zilezile. Kule zilikuwa zinapanda na kushuka. Ukipata mtu mkorofi, unafungua mafaili yako mengi, zinapanda, nasema leo mwanangu kakamatwa. Zikishuka, nasema sasa anakuja na uji. Hizi zinakwenda tu." Alivuta shuka kwa mkono wake mzima. "Hizi hazina mtu ndani. Na wewe siku hizi unaongea chini chini, hata sauti yako siipati. Nalala hapa najiuliza nyumba ina mtu au haina. Mlipokuwa wadogo, ninyi wanne mmelala nyuma ya ukuta huuhuu, mimi nashona upande huu. Nikisimama kubadilisha uzi tu, wewe unaamka."

Hayo yangemtosha mtu aliyelala usiku uliopita. Kitinda hakulala. Alikuwa amefua mashuka mawili alfajiri, ameogesha, amelisha, amepokea simu ishirini na sita, na mgongo ulikuwa ukimwuma mahali pamoja, pale pale, kama msumari. Akazima boksi. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Mama, nikipata barua ya tatu tumekwisha, mimi na wewe. Nakuomba usiniite. Mpaka Alhamisi ipite, usiniite kabisa."

Mama aligeuza uso kuelekea dirishani.

"Umenisikia, mama?"

"Nimekusikia, mama," alisema yule mama kwa mwanawe, kwa sauti ndogo. "Sitakuita."

Kitinda alirudi mezani. Aliona aibu, lakini alikuwa amechoka kuliko aibu yenyewe, na simu ilikuwa ikiita.

Mama alitimiza ahadi. Jumanne jioni kimya, Jumatano kimya. Kitinda aliingia kwake wakati wa mapumziko ya saa nne na ya saa saba, akamkuta macho wazi, akamgeuza, akampa maji, mama akashukuru kama mgeni anavyoshukuru. Hilo la kushukuru lilimchoma, lakini akajikaza kisabuni. Siku mbili tu, alijiambia, kisha tutarudi kuwa watu.

Alhamisi foleni ya simu ilikuwa ndefu tangu asubuhi, na ilipokaribia saa nne msimamizi akatuma ujumbe kwa wapokeaji wote: mapumziko ya chai yamefutwa, wakubwa wapo kwenye laini. Kitinda aliutazama mlango. Alikuwa na mtu sikioni, baba aliyekuwa akiuliza kama mtoto wake mwenye homa apelekwe hospitali gani, na baba yule hakuwa mtu wa kukatiwa. Akiwa anamsomea orodha, akasikia kishindo, si kikubwa, kama mfuko wa nguo umedondoka. Alinyamaza nukta moja. Akasikiliza. Mama hakuita. Angekuwa ameanguka angeita, alijiambia, na pengine ni mlango wa jirani. Kwenye kona ya kioo cha kompyuta alama ya utulivu ilikuwa ya kijani. Akaendelea na orodha.

Aliendelea hadi saa saba.

Alipofungua mlango wa mama, kitanda kilikuwa kitupu. Mama alikuwa sakafuni, katikati ya kitanda na ule ukuta wa mbao, amelalia upande uliokufa, gauni limelowa. Mkono mzima ulikuwa umenyooshwa kuelekea ukutani. Pembe ya shuka ilikuwa mdomoni mwake, ameing'ata kwa meno machache aliyobakiwa nayo. Aliposikia nyayo akaiachia.

"Umemaliza?" aliuliza.

Kitinda alipiga magoti. Alipapasa nyonga, bega, kichwa, kama alivyofundishwa na muuguzi. Kiwiko kilikuwa kimechubuka na damu imeshakauka. Mfupa haukuwa umevunjika.

"Mama, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nilitaka kuweka sikio ukutani nikusikie. Nikateleza."

"Tangu saa nne? Kwa nini hukuniita?"

Swali lilikwisha kutoka, halikuwa na pa kurudi. Mama alielekeza uso wake upande sauti ilikotokea.

"Si uliniomba," alisema.

Hakukuwa na lawama ndani yake, na hilo ndilo lililomvunja Kitinda. Alilia kama ambavyo hakulia hata siku ya kiharusi, wala siku kaka zake walipomwambia kwamba yeye ndiye anayefaa kwa kuwa hana mume. Alimlaza mama kifuani pake, gauni lililolowa likamlowesha na yeye, na mama akampapasa kichwani kwa ule mkono mmoja akisema ishapita, ishapita, kana kwamba aliyeanguka ni mwanawe. Simu ilitetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa msimamizi: ukaguzi umekwisha, utulivu tisini na sita kwa mia, wa kwanza katika kundi zima. Kitinda aliusoma palepale sakafuni. Tisini na sita. Akaitupa simu chini ya kitanda.

Ijumaa alfajiri, baada ya kumwogesha mama, alianza kuihamisha meza. Hakumwita Fundi Bomba wala mtu mwingine. Aliivuta mguu mmoja mmoja, ikakwaruza sakafu kutoka chumba hadi chumba, kisha akaibeba mashine kifuani kama alivyombeba mama siku iliyopita, akaiweka karibu na kitanda, kiasi kwamba kiti chake kiligusana na godoro. Akaiwasha. Maji yakaanza kuzunguka bila kusikika.

"Imewaka?" mama aliuliza.

"Imewaka."

"Imewaka na kunyamaza, haina hata haya." Mama alipapasa hewani, akakuta pindo la gauni la mwanawe, akalishika. Kabla ya simu ya tatu alikuwa amelala. Ndipo Kitinda alipotambua kwamba kwa muda wa siku zile hakuwahi kumwona mama amelala mchana hata mara moja. Tangu kiharusi mdomo ulikuwa umeenda upande, na pumzi zake zilipita kwa sauti, nzito, na kila ya tatu ilikuwa na mkoromo mdogo mwishoni. Kitinda hakuisogeza maiki.

Jumatatu, karibu saa tano, msimamizi alipiga.

"Dada Kitinda, samahani," alinong'ona. "Alama zako zimeshuka tena. Nimesikiliza mwenyewe. Si feni. Si bomba. Kuna mtu anapumua kwenye laini yako."

"Ni mama yangu," alisema Kitinda.

"Naelewa, dada. Lakini mtambo unaihesabu kuwa kelele."

"Acha uihesabu. Feni nilizima, maji nilinyamazisha, na yeye mwenyewe nilimnyamazisha, akakaa sakafuni kwa saa tatu, shuka mdomoni, ili mpate tisini na sita zenu. Hiyo pumzi siizimi. Andika barua ukitaka."

Laini ilikuwa safi kabisa, na kati yao pumzi za mama zikipanda na kushuka. Kijana alikuwa akizisikiliza.

"Kuna watu kumi na wanne kwenye foleni," alisema mwishowe. "Endelea kupokea, dada. Mengine niachie nione."

Kitinda alinyoosha mgongo, kwa uangalifu, ili lile pindo lisitoke mkononi mwa mama. Kisha akabonyeza, akapokea.